Auto-Tune, Melodyne au maiki mpya: kipi kitainyoosha sauti yako

Sauti iliyorekodiwa ikitoka vibaya, kasoro huwa moja kati ya tatu. Noti hazikukaa mahali pake. Au chumba kinasikika kuliko mwimbaji. Au mwimbaji hakuwa na pumzi ya kuubeba mstari hadi mwisho, ndiyo maana neno la mwisho linazama. Programu za kunyoosha noti, kama Auto-Tune na Melodyne, zinatibu kasoro ya kwanza peke yake. Wengi wanaonunua programu ghali kisha wakasema haisaidii wanayo ya pili, na hiyo haina kitufe.

Kujua una ipi si kazi ngumu. Rekodi mistari miwili bila biti na bila kuongeza mwangwi wowote, halafu usikilize kwa hedifoni. Neno likishakatika na bado ukasikia ukuta unaitikia, pesa iende kwenye chumba na maiki. Sauti ikiwa kavu na safi lakini noti imepinda, programu itakufaa. Ukisikia vyote viwili, anza na chumba, kwa sababu chumba kibovu huharibu hata kazi ya programu: mwangwi wa noti iliyopita huwa bado unalia wakati noti mpya inaanza, programu inasikia noti mbili kwa mpigo na haijui ifuate ipi.

Hukumu kwa ufupi, kwa asiye na muda. Anayerekodi kwanza na kurekebisha baadaye achukue Melodyne, toleo la assistant. Anayetaka kujisikia amenyooshwa wakati anaimba, au anayetaka ule mlio wa roboti, achukue Auto-Tune. Ambaye hajawahi kutumia chochote aanze na ya bure, tena si kwa kujinyima.

Auto-Tune

Auto-Tune ya kampuni ya Antares ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitokea kwenye uchambuzi wa mawimbi ya mtetemo wa ardhi unaotumika kutafuta mafuta, na hesabu za aina hiyohiyo ndizo zinazotafuta wimbi linalojirudia ndani ya sauti ya mtu. Mwaka 1998 Cher akatoa wimbo ambao noti zake zinaruka kwa ngazi kali, na tangu hapo wasikilizaji wengi wanadhani Auto-Tune maana yake ni mlio ule. Mlio ule ni namna moja tu ya kuiseti.

Inafanya kazi papo hapo: sauti inaingia, inapimwa, inasukumwa hadi kwenye noti iliyo karibu katika skeli (mpangilio wa noti zinazotumika kwenye wimbo) uliyochagua. Uzuri wake uko hapo na hatari yake iko hapohapo, maana haijui ulikusudia noti gani; inajua tu iliyo karibu. Semitoni moja, yaani hatua ya kutoka noti hadi noti jirani, ina senti 100. Skeli ikiwa na noti zote 12, kama inavyokuja mara nyingi, mwimbaji aliyeshuka kwa senti 60 atapelekwa chini kwa usahihi mkubwa, kwenye noti ambayo si ya wimbo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine, weka ufunguo wa wimbo na skeli yake. Wimbo wa A maina ukiwekwa A meja, noti tatu zitakuwa zinavutwa pabaya wimbo mzima, na utaishia kuilaumu programu. Wimbo ukibadilisha ufunguo katikati, mpangilio nao ubadilishwe mahali hapohapo. Na kama mwimbaji anapita makusudi kwenye noti iliyo nje ya skeli, ruhusu noti hiyo au zima programu kwenye neno lile.

Kitu cha pili ni aina ya sauti, kwenye sehemu iliyoandikwa "Input Type". Wengi hawaigusi. Sauti nzito ya Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) huchukua milisekunde 12.5 kukamilisha wimbi moja, wakati noti ya Hz 400 huchukua 2.5 tu, na programu haiwezi kuitaja noti kabla haijaona wimbi likijirudia. Mwanamume wa besi akiachwa kwenye mpangilio wa soprano, programu inapapasa, na mara nyingine sauti inaruka oktava nzima kwa kufumba na kufumbua, hasa mwisho wa mstari pale koo linapokwaruza.

Ndipo uje kwenye "Retune Speed", yaani noti isukumwe kwa haraka gani. Sifuri ni roboti. Kati ya milisekunde 15 na 25 unapata sauti iliyokazwa, ile ya pop ya kisasa, ambayo msikilizaji makini ataitambua. Kati ya 30 na 50 sauti inabaki ya mtu. Ukivuka 80, noti fupi zinapita kabla hazijashikwa na kazi inakuwa ya jina tu. Shida huja kwenye noti ndefu: mwendo unaofaa maneno ya haraka unaua vibrato (mtikisiko wa sauti) ya neno la mwisho. Kazi ya "Humanize" ni hiyo, kulegeza kamba kwenye noti inayokaa muda mrefu. Ipandishe hadi vibrato irudi, usiende mbele ya hapo. "Flex-Tune" nayo inaiacha sauti huru na kuivuta pale tu inapokaribia noti ya skeli. Kwa mwimbaji anayeteleza kutoka noti moja kwenda nyingine ndiyo inayookoa miteremko yake.

Kwa wanaoimba Kiswahili kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji. Silabi kama "m" ya "mtoto" au "n" ya "nchi" ina noti yake kamili, na mara nyingi waimbaji huianzia chini kisha wakapanda. Kwenye mwendo wa sifuri programu inaidaka ile "m" kama noti inayojitegemea, inaibandika kwenye ngazi ya chini, halafu inaruka juu kwenye "to". Kinachosikika ni kama kwikwi. Dawa ni kupandisha mwendo hadi 20 hivi kwenye maneno hayo tu, au kuichora noti kwa mkono kwenye toleo la Pro lenye grafu.

Mtego wa mwisho ni biti yenyewe. Biti iliyokatwa kutoka kwenye rekodi ya zamani na kuharakishwa kidogo haikai tena kwenye A ya Hz 440, rejea ya kawaida ya kupangia noti. Ukinyoosha sauti kwa 440 juu ya biti iliyo senti 30 juu, kila noti itakuwa sahihi na wimbo mzima utagombana. Badili rejea ndani ya programu, au shusha biti, kabla ya kumwambia mwimbaji arudie.

Toleo la Pro lina njia zote mbili, ya papo hapo na ya kuchora. Matoleo madogo yana ya papo hapo tu, na kwa kazi za jukwaani au kurekodi huku unajisikia yanatosha. Kulipia Pro kwa ajili ya kuchora noti moja moja sioni faida yake, kwa sababu kazi hiyo Melodyne inaifanya vizuri zaidi.

Melodyne

Melodyne ya Celemony, kampuni ya Munich, Ujerumani, haina haraka. Inasikiliza rekodi nzima kwanza, kisha inakuonyesha kila noti kama bonge lenye mstari unaopita katikati, na mstari huo ndio njia halisi ambayo sauti ilipita. Hapo unaona kosa kabla ya kulirekebisha, na zaidi ya yote unaamua lipi ni kosa na lipi ni mtindo.

Chukua mstari unaoishia na "nakupenda". Mabonge yanatakiwa kuwa manne, lakini mara nyingi "pe" na "nda" yanatoka kama bonge moja kwa sababu sauti haikukatika kati yake. Ukilisogeza lilivyo, unasogeza wastani wa silabi mbili: moja inakaa sawa, nyingine inaharibika zaidi. Likate kwanza kwa kifaa cha kutenganisha noti. Kisha tazama "nda": imeanza kwenye noti, imekaa, na mwishoni imeteleza senti 35 kwenda chini kwa kuishiwa pumzi. Wengi hubofya mara mbili ili bonge liende katikati ya noti, kisha wanashangaa mbona bado linasikika chini. Katikati yake ilikuwa karibu sawa tangu mwanzo; kilichopinda ni mkia. Tumia kifaa cha kupunguza mteremko wa polepole, si kile cha vibrato, na upunguze hadi mkia utulie bila kuwa mstari wa rula. Vibrato iache. Ya mwimbaji mzuri hutikisika kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na ukiisawazisha, sauti inageuka filimbi.

Usinyooshe kila bonge. Tofauti ya senti 10 kwenye A ya 440 ni kama Hz 2.5, na katika wimbo wenye ala karibu hakuna atakayeisikia. Fumba macho usikilize. Neno lisilokusumbua liache hata kama kwenye skrini limepinda. Anayehariri kwa macho huishia na sauti isiyo na kosa wala mtu ndani yake.

Toleo namba 5, la mwaka 2020, lilileta jambo moja lenye maana kubwa: linatenganisha "s", "sh" na pumzi na sehemu yenye noti. Kabla ya hapo ukipandisha neno "siku" semitoni mbili, ile "s" nayo ilipanda na kutoa mluzi. Sasa inabaki palepale. Hata hivyo mipaka ipo. Ukivuka semitoni mbili au tatu, hata fomanti (milio inayoipa sauti ya mtu sura yake) zikihifadhiwa, sauti inaanza kuwa ya mtu mwingine. Hapo kuimba upya ni haraka kuliko kuhariri.

Kuhusu matoleo: essential inakupa kusogeza noti, kubadili muda wake na kuikata, lakini vifaa vya mteremko, vibrato na fomanti havimo, yaani kazi ya ule mkia wa "nda" haifanyiki. Assistant inavyo vyote kwa sauti ya mtu mmoja. Editor inaongeza uwezo wa kuingia ndani ya akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) na kushika noti moja ya gitaa au piano. Studio ni ya wenye kazi ya kwaya na sauti nyingi zinazotakiwa kuonekana pamoja. Kwa mwimbaji na prodyuza wa kawaida, editor na studio ni pesa inayolala. Kupanda toleo baadaye kunawezekana bila kununua upya, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanzia juu.

Kabla ya kulipa, hakikisha programu yako ya kurekodia inakubali ARA, mfumo wa kuiunganisha Melodyne moja kwa moja na programu ya kurekodia, ambao Celemony waliutengeneza pamoja na PreSonus. Studio One, Logic Pro, Cubase na Reaper zinaukubali. Bila ARA itabidi uicheze sauti yote hadi mwisho ili Melodyne iinakili, na ukishaihariri kisha ukasogeza kipande cha sauti mbele, mahariri hayafuati. Yanabaki pale yalipokuwa na korasi inatoka na maneno ya ubeti.

Vilivyomo tayari, na vya bure

Huenda usihitaji kununua chochote. Logic Pro ina Flex Pitch, Cubase Pro ina VariAudio, matoleo ya juu ya FL Studio yana Newtone, na Reaper inakuja na ReaTune. Flex Pitch na VariAudio zinafanya takriban yale ya Melodyne assistant kwa sauti moja. Zinapozidiwa ni kwenye sauti ya mikwaruzo na kwenye kusogeza mbali: mlio wa bati unaanza mapema. ReaTune inafanya kazi, ila sura yake inataka subira.

Za bure za papo hapo ninazoweza kumshauri mtu ni MAutoPitch ya MeldaProduction na toleo la bure la Graillon la Auburn Sounds. Graillon ni laini zaidi kwa sauti ya kawaida. MAutoPitch ina fomanti na ni rahisi kuipeleka kwenye roboti. GSnap ni ya zamani, inataka noti safi mno, ikisikia kelele inatetemeka, lakini inakubali kuongozwa kwa MIDI (ishara za noti kutoka kwenye kinanda): unaipigia noti nayo inaifuata.

Maiki, kisanduku na hedifoni

Kwenye chumba kisichotibiwa, maiki ya dainamiki inashinda kondensa (aina inayosikia hata vilivyo mbali) ya bei ileile. Si kwamba dainamiki ina miujiza; inataka uimbe karibu, na ukiwa karibu sauti yako inazidi ya ukuta. Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966, bado inarekodi sauti inayofaa kabisa. Kaa sentimita 10 hadi 15, weka kizuizi cha pumzi, na kumbuka kuwa ukisogea karibu zaidi besi inavimba. Kondensa kama Audio-Technica AT2020 au Rode NT1 inatoa ncha za juu zilizo wazi zaidi, lakini inataka umeme wa volti 48 na chumba kilichotulia. Mablanketi mazito yatundikwe nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki pekee: maiki ya aina ya kadioidi haisikii vizuri kinachotoka mgongoni mwake, inachokisikia ni ukuta ulio nyuma ya kichwa chako.

Maiki ya Shure SM7B inapendwa kwa sababu inaonekana kila mahali. Ni maiki nzuri, ila ni dhaifu kwa umeme inaotoa, na Shure wenyewe wanataka angalau dB 60 za kuikuza. Kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta kama Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu kinafikia 56, kwa hiyo unakiminya hadi mwisho na kupata mvumo. Cha kizazi cha nne kinafikia 69 na kinatosha. Ukiwa na cha zamani, ongeza kikuzaji kama Cloudlifter, au nunua SM7dB iliyo na kikuzaji ndani. Ukijumlisha hivyo vyote mara nyingi unakuta SM58 na mablanketi vingekuwa ununuzi wa busara zaidi.

Rekodi kwa ubora wa biti 24 (24-bit, si biti ya wimbo), kilele cha sauti kikiwa kati ya -12 na -10 dB. Sauti iliyopasuka kwa kuzidisha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) haishonwi na programu yoyote ya noti.

Hedifoni ziwe za kufunga masikio, kama Sony MDR-7506 au Beyerdynamic DT 770 Pro. Hili linahusu noti moja kwa moja. Biti ikivuja kutoka kwenye hedifoni na kuingia kwenye maiki, kisha ukasogeza sauti senti 40, gitaa lililovuja nalo linasogea, na linagongana na gitaa halisi. Utasikia ala zikiyumba nyuma ya kila neno ulilorekebisha na hutajua zinatokea wapi. Anayependa kuacha sikio moja wazi azime upande ule.

Papo hapo na jukwaani

Kujisikia umenyooshwa wakati unaimba kunategemea uchelewaji. Kwa kasi ya 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, ya sampuli 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 512 ni 10.7, na hiyo ni kuingia tu. Kutoka ni nyingine, na programu inaongeza yake. Jumla ikivuka 10, mwimbaji anaanza kuburuza. Tumia 64 au 128 wakati wa kurekodi, funga plagini nzito (programu ndogo zinazokaa ndani ya ile ya kurekodia), kisha urudi 512 wakati wa kuchanganya. Na zima usikilizaji wa moja kwa moja wa kisanduku, la sivyo utasikia sauti mbili, ya kwako isiyonyooshwa na nyingine iliyonyooshwa inayokuja nyuma.

Kwa jukwaa bila kompyuta, pedali kama Boss VE-500 na zile za TC-Helicon zinafanya kazi. Weka ufunguo wa kila wimbo kwenye kumbukumbu yake kabla ya onyesho. Adui wa pedali hizo ni matoazi: yakiwa karibu na maiki, pedali inafuata mlio wake badala ya sauti yako.

Mpangilio wa plagini

Kinyoosha noti kikae mwanzo kabisa. Ukikandamiza sauti kwanza, kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) inainua pumzi na kelele za katikati ya maneno, na kinyoosha kinatafuta noti ndani ya pumzi. Baada yake kata chini ya Hz 80 hadi 100, punguza kidogo kwenye 300 hadi 500 kama sauti inasikika kama imetoka ndani ya sanduku, kisha kompresa ya 3:1, diesa (inayopunguza ukali wa "s") kati ya 5 na 8 kHz, na mwangwi kwenye chaneli yake ya pembeni. iZotope Nectar inakusanya vyote hivi kwenye dirisha moja na kukupangia mwanzo. Mpangilio wake wa kwanza huwa mkali kwenye ncha za juu, kwa hiyo shusha hapo kabla ya kuusifu au kuulaani.

Ukiridhika na noti, igeuze sauti iliyonyooshwa kuwa faili mpya na uzime programu, ila ile ghafi usiifute. Unayempelekea wimbo achanganye mpe zote mbili, WAV za biti 24, zikianzia sifuri ya wimbo ili zikae mahali pake bila kusogezwa.